Cheni mpya inaruka, ya zamani ilikuwa hairuki: usikimbilie kununua mkono wa gia

Swali: "Shikamoo fundi. Kila siku naendesha baiskeli kutoka Kimara mpaka Kariakoo kazini, ni mtumba wa gia 21, niko nayo mwaka wa tatu. Cheni ilikuwa imelegea na inapiga kelele, nikampelekea fundi wa mtaani akaniwekea mpya. Sasa nikikanyaga kwa nguvu inaruka, ka! ka!, hasa kwenye zile gia mbili ndogo za nyuma ambazo ndo natumia siku zote. Zile kubwa ziko poa kabisa. Fundi anasema mkono wa gia wa nyuma umekufa ninunue mwingine. Mbona cheni ya zamani haikuwahi kuruka hata siku moja?"

Marahaba mdogo wangu. Iyo hela ya mkono wa gia, yani kile chuma cha nyuma kinachohamisha cheni kutoka gia moja kwenda nyingine, irudishe mfukoni kwanza. Kilichoisha hapo ni friwili, yani lile fungu la gia saba za nyuma, na jibu umeliandika mwenyewe mle kwenye swali lako: inaruka kwenye gia unazotumia kila siku, zile ambazo huzigusi ziko poa. Mkono wa gia ungekuwa mbovu ungekusumbua kote kote, usingechagua gia mbili tu za kukuonea.

Sasa mbona cheni ya zamani ilikuwa hairuki wakati yenyewe ndo mbovu? Hapa ndo watu wengi wanachanganyikiwa, hata mafundi, kwa hiyo ngoja nilieleze taratibu.

Cheni ikiwa mpya, kutoka pini moja mpaka inayofuata ni nusu inchi kamili, milimita 12.7, na meno ya gia nayo yamechongwa kwa kipimo hichohicho. Watu wanasema cheni "imevutika" kama vile ni mpira wa manati, lakini zile bati za pembeni hazivutiki hata kidogo. Kinacholika ni ndani, pale pini inapozunguka ndani ya pingili, mchanga ukiingia pale ukachanganyika na oili unakuwa msasa, kila pingili inaongeza kaupenyo kadogo ambako hata kwa macho hukaoni, ila cheni ina pingili mia na kitu, jumlisha uone. Cheni inakuwa ndefu, na ikishakuwa ndefu haikai tena kwenye shimo la jino, inapanda juu kidogo na kulisukuma jino kwa mbele, jino linaanza kulika kufuata urefu mpya wa cheni. Kwa hiyo kwa hii miaka mitatu cheni yako na zile gia mbili walikuwa wanaharibikiana taratibu huku wanaelewana, kama wazee wawili kwenye ndoa. Leo umemleta kijana mpya mwenye vipimo vya kiwandani, anakaa kwenye meno yaliyozoea mtu mrefu, mzigo wote unabebwa na jino moja au mawili badala ya kugawana, ukikanyaga kwa nguvu anapanda juu ya jino anadondokea la mbele. Ndo hiyo ka! ka! yako.

Na mbona ni zile ndogo ndo zimeisha? Hesabu tu. Chukulia mbele una meno 42 na nyuma unatumia ya meno 14. Pedeli ikizunguka mara moja, gia ya nyuma imezunguka mara 3, maana yake kila jino la nyuma limefanya kazi mara tatu wakati jino la mbele limefanya mara moja. Kile kigia kidogo kinakula kichapo cha nguvu kuliko chochote kwenye baiskeli yako, na we asubuhi unashuka kutoka Kimara mpaka Ubungo umeweka gia ndogo unachapa mwendo, ni haki yake kuisha.

Kabla hujatoa hata mia, hakikisha mwenyewe. Geuza baiskeli matairi juu, safisha zile gia na mswaki wa zamani na mafuta ya taa mpaka chuma kionekane, halafu angalia kigia kidogo ukikilinganisha na kikubwa kabisa ambacho hujawahi kukitumia. Kwenye kikubwa utaona shimo kati ya jino na jino ni duara zuri, kama limechongwa kwa kidole. Kwenye kidogo shimo limetanuka upande mmoja, jino limelala kama wimbi, na ukipitisha kucha kwenye ukingo utasikia kachuma kamekunjika pembeni kama ukingo wa bati lililogongwa nyundo. Ila nikwambie ukweli, friwili nyingi zinaruka kabla jicho halijaona kitu, meno ya hizi gia siku hizi yamekatwa maumbo ya ajabu ajabu ili cheni ihame kirahisi, jino fupi huku refu kule, mtu akiona anadhani limeisha kumbe limetoka hivyo kiwandani. Kwa hiyo usihukumu kwa macho peke yake, kipimo cha kweli ni hiko ulichokifanya bila kujua, cheni mpya plus mguu wenye nguvu.

Ila kuna vitu vingine vitatu vinavyofanana na hii, vitoe kwanza akilini.

Cha kwanza pingili ngumu. Fundi akiunga cheni vibaya ile pingili ya kiungo inakuwa haikunji vizuri, nayo inaruka, lakini inaruka kwa mapigo, karibu kila pedeli ikizunguka mara mbili na nusu hivi, na kwenye gia yoyote. Zungusha pedeli kinyumenyume polepole huku unaangalia vile vigurudumu viwili vidogo vya plastiki kwenye mkono wa gia, pingili ngumu ikipita mkono utashtuka kidogo. Dawa yake ni kuishika cheni pande mbili za ile pingili na kuikunja kushoto kulia kwa vidole, dakika moja imeisha. Cha pili waya wa gia umelegea, hapo inakuwa kama inataka kuhamia gia ya jirani, inakwaruza hata ukikanyaga kiulaini, unarekebisha pale waya unapoingilia kwenye mkono, kale kaskrubu ka kuzungusha kwa mkono, nusu mzunguko nusu mzunguko. Cha tatu ndo kibaya, vikucha vya ndani ya friwili, vile vinavyoshika ukikanyaga na kuachia ukitulia. Pedeli inadondoka ghafla kama umekanyaga hewa, cheni yenyewe wala haijaruka kwenye meno. Hiyo ukiisikia hata mara moja usipande tena, maana siku itakayoachia umesimama juu ya pedeli katikati ya magari utaisimulia hospitali. Mi mwenyewe nina kovu kwenye goti la mwaka ambao nilijifanya mjuaji, baiskeli za wateja nazitengeneza yangu naiacha na friwili inayoteleza, goti likaenda kugonga usukani, wiki nzima natembea kama bata.

Haya, tuseme ni friwili. Una njia tatu na zote ni halali, inategemea mfuko wako.

Njia ninayokushauri ni kununua friwili mpya sasa hivi, maana cheni mpya tayari unayo na kila siku unayoendesha hivyo unaichakaza bure kwenye meno mabovu. Njia ya pili kama mwezi umebana: cheni ya zamani iko wapi? Usiniambie uliiacha kwa fundi akaitupa kwenye vyuma chakavu. Kama unayo irudishe, hii mpya itie oili uifunge kwenye mfuko wa nailoni uitunze, halafu endesha vya zamani mpaka vife vyote pamoja. Wapo wanaonicheka nikisema hivi lakini kwenye baiskeli ya kwenda kazini ni hesabu nzuri tu, vitu vimeshakufa huwezi kuviua mara mbili, ila ujue sproketi ya mbele, yani gia ya kwenye pedeli, nayo inaendelea kuliwa, usivute mpaka mwaka ujao. Njia ya tatu ni ya kusukumia wiki mbili tatu, tumia gia za katikati na kubwa za nyuma ambazo bado nzima, asubuhi kubali kwenda polepole, na jioni ule mlima wa kutoka Ubungo unapita Kibo, Kona, Baruti mpaka Kimara usisimame juu ya pedeli hata kidogo, kaa kwenye siti uzungushe gia nyepesi.

Kuna ushauri mwingine utaupata mtaani, "iendeshe tu itazoea". Sikatai, kama inaruka kwa mbali sana mara moja moja inaweza kutulia baada ya muda, ila inatulia kwa sababu cheni mpya imeanza kuisha ikafanana na gia mbovu. Umelipia cheni mpya ili uizeeshe haraka. Na wale wanaopiga tupa meno ya friwili ili "yakae sawa", achana nao kabisa, ukipunguza chuma pale jino linakuwa jembamba, shimo ndo linazidi kuwa kubwa.

Sasa kununua. Kwanza jua una friwili au una kaseti, sababu kwa nje zinafanana na watu wanarudishiana vitu dukani kila siku. Friwili ni kitu kimoja, gia na ile sehemu inayolia tiktiktik viko pamoja na vinafungwa kwenye habu, kile kitovu cha ringi, kwa nyuzi kama kifuniko cha chupa. Kaseti ni gia peke yake zinachomekwa kwenye habu na kubanwa na nati moja ya duara. Kutofautisha zungusha gia kinyumenyume kwa mkono huku unaangalia pale katikati karibu na ekseli, kwenye vile vimeno vya kuingizia funguo. Vikizunguka pamoja na gia hiyo ni kaseti, vikibaki vimetulia gia zinazunguka peke yake hiyo ni friwili. Mtumba wa gia 21, yani tatu mbele saba nyuma, mara nyingi ni friwili, ila angalia usinisingizie baadae.

Idadi ya gia isibadilike, saba kwa saba, sababu swichi ya gia pale kwenye usukani imehesabiwa, ukiweka sita au nane hata urekebishe waya mpaka usiku haitalingana. Halafu hesabu meno ya gia kubwa kabisa. Nyingi zina 28, yani 14 mpaka 28, ziko na zenye kubwa la 34 ambalo kwa mlima wako lingekuwa tamu sana, lakini mkono wa gia mfupi haufiki pale, unagongana na jino, kwa hiyo kama yako ni 28 rudia 28 labda kama na mkono ni ule mrefu. Ile Shimano ya kawaida ya gia saba inatosha kabisa kwa safari yako, usidanganywe na mng'ao. Na nenda dukani na ringi lenyewe, usiende na picha ya simu.

Cheni nayo hakikisha fundi hakukuwekea ya Phoenix. Cheni za baiskeli zisizo na gia ni nene kwa ndani, moja ya nane ya inchi, za gia ni nyembamba zaidi, 3/32. Ya gia sita, saba na nane ni cheni moja hiyohiyo, mfano KMC Z8, ila ya gia tisa au kumi ni nyembamba zaidi, huihitaji na hela itakuuma.

Urefu je? Fundi wengi wananing'iniza mpya pembeni ya zamani wanakata pale zinapolingana. Kosa! Ya zamani imeshakuwa ndefu, ukikata kwa kulinganisha urefu mpya inaweza kuzidi pingili. Hesabu pingili, au kama huiamini ya zamani ipitishe cheni kwenye sproketi kubwa ya mbele na gia kubwa ya nyuma moja kwa moja bila kupita kwenye mkono wa gia, ivute ikutane, halafu ongeza inchi moja, yani pingili mbili, moja nyembamba moja pana, kata hapo. Kuunga tumia loki ya cheni ya size yake, inafungwa kwa mkono, ukikanyaga pedeli huku umeshika breki inajibana yenyewe tak. Kugongea pini na nyundo na msumari ndo kunazaa zile pingili ngumu nilizosema.

Kutoa friwili ndo kazi yenyewe, na hii hata kama utampa fundi simama pembeni uangalie. Inatakiwa funguo yake yenye vimeno, ukiona mtu anakuja na tindo na nyundo mnyang'anye ringi. Toa nati ya ekseli upande wa gia, ingiza funguo mpaka ikae vizuri, halafu rudisha nati juu yake uibane kwa vidole ili funguo isiruke nje ikanyoa vimeno, hii hatua watu wanairuka ndo wanajuta. Alafu kumbuka miaka mitatu yote kila ulivyokanyaga pedeli ulikuwa unaikaza, mlima wa Kimara wote huo umeingia kwenye zile nyuzi, kwa hiyo spana malaya ya futi moja mkononi haitoshi. Tunachofanya ni kubana funguo kwenye jiliwa, ringi likalala juu kama usukani wa lori, unashika tairi pande mbili unazungusha kinyume na mshale wa saa. Italia krak, moyo utashtuka, ni kawaida. Ikishaachia simama, legeza ile nati kwanza, ndo uendelee, la sivyo unavunja ekseli. Kufunga mpya paka grisi kwenye nyuzi kwa wingi, anza kwa vidole taratibu, kama inagoma rudi nyuma anza upya, nyuzi za habu nyingi ni aluminiamu laini, ukilazimisha umeharibu habu nzima. Kukaza hakuna haja ya nguvu, pedeli zitamalizia.

Sproketi za mbele ziangalie lakini usizinunue kwa uoga. Weka cheni mpya kwenye ile unayoitumia sana, shika cheni pale mbele kabisa uivute kuelekea mbele. Ikinyanyuka ukaona karibu nusu ya jino, imeisha. Ikikaa imeganda, ina maisha bado, na mara nyingi inazizika friwili mbili tatu. Ikiwa imeisha kwenye mitumba mingi sproketi zimepigwa ribiti kwenye krenki, ule mkono unaoshika pedeli, hutoi moja, unanunua krenki nzima, na inataka kifaa chake cha kuvutia, sio nyundo.

Sasa ili mwaka kesho usirudi na swali hilihili, nunua futi ya chuma ile ya mafundi ujenzi. Usianzie kwenye ncha, ile ndoano ya mwanzo inacheza, anzia kwenye inchi 1. Cheni ikiwa imevutwa vizuri weka katikati ya pini moja kwenye inchi 1, fuata mpaka inchi 13. Cheni nzima mpya, pini inakaa katikati ya mstari wa 13 bila mjadala, hapo umehesabu pingili 24 kwa inchi 12. Pini ikizidi mstari kwa moja ya kumi na sita ya inchi, kale kamstari kadogo kabisa, nenda kanunue cheni wiki hiyo, friwili itabaki nzima. Ikizidi moja ya nane umeshachelewa, ndo ulipokuwa wewe, cheni na friwili vinaenda pamoja. Mi kwa mtu anayepita njia yako napima kila mwezi, na kila baada ya maji ya Jangwani. Lile bonde mvua za masika zikipiga unalijua, ukivuka pale na tope mpaka kwenye pedeli, cheni imekula mchanga wa mwezi mzima kwa siku moja.

Ukifika nyumbani siku kama hiyo usiiache mpaka asubuhi. Maji safi kwa kopo, sio presha ya kuoshea magari inayosukuma maji mpaka kwenye gololi, futa na kitambaa, ikikauka tone moja la oili kwa kila pingili kwa upande wa ndani, zungusha pedeli kama mara ishirini, subiri dakika kumi, halafu futa nje yote mpaka kitambaa kitoke karibu kisafi. Oili inayobaki nje kazi yake ni kukusanya vumbi tu. Mafuta ya cherehani yanafaa ila ni mepesi utarudia mara kwa mara, oili mpya ya injini ukiipaka kidogo na kuifuta inakwenda, ila ile chafu iliyotolewa kwenye injini ya bodaboda wanayokupa bure gereji ina unga wa chuma ndani, ndo msasa wenyewe tuliousema pale juu. Grisi kwenye cheni usipake kabisa.

Ukishafunga friwili mpya, jaribu kwanza barabara ya mtaani tambarare, weka ile gia ndogo, shika breki ya nyuma nusu ukanyage kwa nguvu zako zote umekaa. Ikikaa kimya, panda Kimara. Ikiruka bado, nipigie picha ya sproketi ya mbele kwa pembeni, tochi ikiwa inamulika kutoka nyuma, nitakwambia.